Stelingi Aliyezeeka Vibaya

Uchungu wa shabiki wa siku nyingi kwa filamu alizozipenda tangu utotoni huwa na vyanzo viwili visivyofanana. Kimoja ni kazi ya zamani kubadilishwa. Kingine ni kazi mpya kuongezwa juu ya ile ya zamani. Barua ya safari hii, iliyotoka kwa msomaji wa Unguja, imebeba vyote viwili bila kuvitenganisha, na hapo ndipo palipo na tatizo lake.

Mwandishi wa barua ni baba wa miaka hamsini na ushei. Star Wars aliijua kwa kanda za video alizoletewa na mjomba wake baharia katika miaka ya 1980, akaziangalia hadi picha zikaanza kuruka. Tangu alipoiona The Last Jedi hana raha na chochote chenye jina hilo. Mwanawe wa miaka kumi na minne anazipenda filamu mpya na ule mfululizo wa The Mandalorian. Kila wakikaa pamoja mbele ya runinga baba hulalamika, hata juzi kijana akasema, “Basi Baba, tuangalie mpira.” Maswali ya msomaji ni mawili: je, ni utoto kwa mtu mzima kuumia kwa ajili ya hadithi ya kubuni? Na je, aachane nazo kabisa?

La kwanza halihitaji maneno mengi. Si utoto. Tangu mwaka 1956 wanasayansi wa jamii Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji anavyojenga na watu wa kwenye skrini uhusiano unaofanana na kujuana kwa kweli, ingawa unatoka upande mmoja tu. Tena inajulikana kwamba watu wa makamo hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini ya maisha yao. Hadithi iliyoingia wakati huo haikai kichwani peke yake. Imekaa pamoja na sebule ya nyumbani, na marafiki wa mtaani, na mjomba mwenyewe.

Katika chanzo cha kwanza msomaji ana haki yake. Filamu ya kwanza, iliyotoka tarehe 25 Mei 1977, iliyoandikwa na kuongozwa na George Lucas, ilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1997 ikiwa imetiwa picha mpya za kompyuta. Kuna tukio la baa ya Mos Eisley ambalo mashabiki hawajalisamehe. Mwanzoni mlanguzi Han Solo alimwahi Greedo, aliyekuja kumkamata, na kumuua mezani. Toleo la 1997 lilimfanya Greedo apige kwanza, akose, ndipo Solo ajibu. DVD za 2004 zikaisogeza mipigo hiyo hadi karibu itoke pamoja, na mwaka 2019 Greedo akapewa neno la ziada la kusema kabla hajafa. Mlanguzi asiye na simile akageuzwa muungwana anayejitetea. Mwishoni mwa Return of the Jedi ya 1983, sura ya mwigizaji Sebastian Shaw iliondolewa kwenye roho ya Anakin (jina la awali la Darth Vader) mwaka 2004 na mahali pake ikawekwa ya Hayden Christensen. Na ni Lucas huyo huyo aliyefika mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kupinga filamu za zamani kuchezewa na wenye hakimiliki.

Toleo la asili lilipatikana kwenye DVD mwaka 2006 kama nyongeza tu, likiwa na picha hafifu, na Disney+ ilipoanza haikuwa nalo. Ndiyo maana British Film Institute ilipoionyesha London nakala ya 1977, Juni 2025, likawa jambo la kuandikwa magazetini. Kanda za miaka ya 1980, basi, zina kitu ambacho watazamaji wengi wa leo hawajakiona. Zisitupwe. Hewa ya pwani huzitia ukungu, kwa hiyo fundi azisafishe kabla hazijaingizwa kwenye deki, kisha zinakiliwe.

Chanzo cha pili ndicho kinachomnyima usingizi. Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4, ikaanza kutoa filamu mpya mwaka 2015. Mwaka 1983 watazamaji walimwacha Luke Skywalker akiutupa upanga wake wa mwanga na kukataa kumuua baba yake. Katika The Last Jedi ya 2017, iliyoongozwa na Rian Johnson, walimkuta mzee aliyejificha kisiwani, amekata tamaa, na ambaye usiku mmoja aliwahi kuwasha upanga juu ya mpwa wake aliyelala. Kwa waliolelewa na kanuni ya mabanda ya video kwamba stelingi hafi, kufa kwake mwishoni kulikuwa kuzito. Mjomba kumnyanyulia silaha mtoto wa dada yake kulikuwa kuzito zaidi. Mark Hamill mwenyewe, aliyemcheza Luke, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na Johnson, ingawa baadaye alijutia kuyatoa hayo nje.

Msomaji anadai kwamba filamu mpya imerudi nyuma na kuiharibu ya zamani. Dai hilo lina uzito, lakini linagongana na zile kanda zake. Katika filamu ya 1977 mzee Obi-Wan anamwambia Luke kwamba Darth Vader alimuua baba yake. Mwaka 1980, katika The Empire Strikes Back, Vader anajitambulisha kuwa ndiye baba. Mzee wa busara akawa ameongopa, na filamu ya 1983 ililazimika kumtafutia utetezi ambao hadi leo haujakaa vizuri. Filamu hiyo ya 1983 ikaongeza kwamba Leia ni pacha wa Luke, ilhali mwaka 1980 walibusiana. Simulizi ilikuwa imekwisha kugeuzwa mara mbili, na mtoto wa Unguja alishangilia.

Umri una sehemu kubwa katika tofauti hiyo ya kushangilia utotoni na kuumia ukubwani. Filamu za 1999 hadi 2005 zilichukiwa na wengi waliokulia zile za awali, na Ahmed Best, aliyemcheza Jar Jar Binks katika filamu hizo, alieleza mwaka 2018 kwamba maneno ya watu yalimfikisha kuwaza kujiua. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima. Revenge of the Sith ya 2005 iliporudishwa sinema Aprili 2025 walijaa, na Best alipotokea tena mwaka 2023 katika The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi anayemwokoa mtoto Grogu, alipokewa kwa shangwe. Star Trek ilipitia hayo hayo: mfululizo wa 1987 ulinuniwa na waliowapenda Kirk na Spock wa mfululizo wa awali, kisha ukadumu miaka saba.

Lakini umri haumalizi kila kitu. Kuna badiliko linaloongeza uzito wa hadithi, na kuna linaloupunguza. Kosa la Luke linampa aibu, na aibu hiyo inamfanya awe mtu. Palpatine, mtawala ambaye Vader alikufa kwa kumuangamiza, kurudishwa katika The Rise of Skywalker ya 2019, bila maelezo ya kuridhisha, kunakifanya kifo cha Vader kionekane cha bure. Hasira ya msomaji ingefaa zaidi kuelekezwa kwenye filamu hiyo.

Kuhusu kuachana nazo, hakuna anayelazimika kuendelea. Mwaka 2014 Lucasfilm yenyewe iliziweka kando riwaya zilizokuwa zikiiendeleza hadithi tangu 1991, ikaziita Legends, na wasomaji wakaambiwa matukio yake hayahesabiki tena. Mwenye mali akiweza kuchagua kipi kihesabiwe, mtazamaji naye anaweza kuishia mwaka 1983 na asiombe radhi. Asichoweza ni kukaa kila jioni mbele ya kitu anachokipenda mwanawe na kukichambua kwa dharau. Shauri lifaalo ni zamu: baba aonyeshe filamu moja ya zamani, kijana aonyeshe moja mpya, na maoni yangoje hadi majina ya mwisho yapite. Kijana akiiona ya 1977 inajikokota, asichukuliwe kuwa amekosa adabu.

Zamu ya kijana inaweza kuanza na Andor ya Tony Gilroy, vipindi 24 vilivyotoka mwaka 2022 na 2025. Ni hadithi ya wezi, wafungwa na makarani wa serikali miaka michache kabla ya matukio ya filamu ya kwanza. Humo hamna Jedi wala Skywalker, kwa hiyo baba hatakuwa na stelingi wake wa kumlinda.