Mboji: Tuirudishie Ardhi Haki Yake



Somo letu safari hii lahusu kitu kilicho mlangoni pa kila nyumba hapa Ugweno, nacho ni takataka za shambani. Wengi wetu huzikusanya na kuzitia moto, kisha twafurahi kuona shamba limekuwa safi. Lakini yatupasa tujiulize: hasa tumechoma nini?

1. Kwa nini ardhi huchoka

Kila mkungu wa ndizi unaokwenda sokoni, na kila gunia la mahindi au kahawa, huondoka na chakula kilichotoka udongoni. Tusipokirudisha, udongo hubaki na njaa. Zamani mzee aliliacha shamba lililochoka, akafungua jingine. Leo twende wapi? Juu yetu upo msitu wa Kindoroko, nao ni hifadhi. Chini yetu ni tambarare kavu ya kuelekea ziwa Jipe. Na shamba la babu limekwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu.

Tena mashamba yetu yako mitelemkoni. Udongo usio na mboji haunywi maji vizuri. Masika yakinyesha, maji huteremka pamoja na udongo, na mwingine hufika hata Jipe. Udongo huo haurudi tena mlimani.

Aghalabu migomba ya karibu na nyumba hupata samadi na majivu, lakini shamba la mahindi la mbali halipati kitu. Ndilo linalohitaji mboji zaidi.

2. Mboji ni nini

Mboji ni majani, mabua na samadi vilivyooza vizuri mpaka vikawa kama udongo mweusi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vyahitaji vitu vinne: chakula kikavu, chakula kibichi, maji na hewa. Vikivipata, biwi hupata moto. Wahunzi wa zamani wa Ugweno, wale wa ukoo wa Washana, walivukuta moto wa mkaa. Biwi lina moto wake usio na mwali. Joto la katikati laweza kufika nyuzi 60 za Sentigredi, nalo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya maradhi.

3. Namna ya kutengeneza

(a) Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba. Huku juu kwenye mvua nyingi, panga biwi juu ya ardhi. Ndugu zetu wa tambarare wachimbe shimo, ili unyevu usipotee.

(b) Weka vijiti chini, hewa ipite. Biwi liwe na upana wa meta 1.5 na kimo kama hicho.

(c) Panga tabaka: mabua na majani makavu ya migomba; kisha majani mabichi; kisha samadi; kisha udongo kidogo na majivu kidogo. Kadiria mafungu matatu ya vikavu kwa fungu moja la vibichi. Maganda ya kahawa yafaa sana.

(d) Nyunyizia maji kila tabaka, kisha funika kwa majani ya migomba.

(e) Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati. Ukiichomoa ina joto na unyevu, mambo ni mema. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na yanuka, maji yamezidi. Pindua biwi na kuongeza vikavu.

(f) Pindua baada ya majuma matatu, na tena baada ya matatu mengine. Baada ya miezi mitatu au minne mboji huwa tayari. Basi aanzaye mwezi wa Juni ataipata kwa vuli.

Usitie plastiki, migomba yenye mnyauko, wala mizizi ya sangari. Majani ya mkaratusi huchelewa mno kuoza.

4. Namna ya kuitumia

Tia konzi mbili katika kila shimo la mahindi, na debe moja kuzunguka kila mti wa kahawa, kisha funika kwa udongo. Mbolea ya dukani husaidia mmea, lakini haiujengi udongo. Mwenye kuitumia naye asiache mboji.

5. Mifano

Wamatengo wa Mbinga hulima milima mikali kama yetu. Hukata majani, huyapanga kama miraba, huyafunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayoshika maji. Mashimo hayo huitwa ngoro. Majani huoza humo humo, na udongo haukimbii.

Nasi tukumbuke mtunza shamba katika Luka 13. Mtini haukuzaa, mwenye shamba akataka ukatwe. Yule mtunza hakubishana. Aliomba mwaka mmoja tu, apate kuuchimbia na kuutilia samadi. Mashamba yetu nayo yastahili mwaka huo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Juma lililopita tulichoma nini ambacho kingefaa biwi?
2. Shamba letu lipi halijapata mbolea kwa muda mrefu?
3. Watoto wetu tutawaachia udongo gani?