Bizari Inayostahimili Mnyauko: Tunajifunza Nini kwa Wakulima wa Gujarat?

Ni nani asiyejua harufu ya pilau? Harufu ile kwa sehemu kubwa ni ya bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira. Tunaipima kwa kijiko jikoni, lakini wachache wetu wamewahi kujiuliza inalimwa wapi na kwa taabu gani. Katika somo hili tutaangalia mbegu moja ya bizari hiyo, kwa sababu ina funzo kwa kila mkulima mdogo, hata yule asiyelima viungo.

Ugonjwa wenyewe

Nchi inayolima bizari nyembamba nyingi kuliko zote duniani ni India, hasa katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Huko hupandwa mwezi wa Novemba, baridi inapoanza, na kuvunwa Februari au Machi. Ekari moja huhitaji kilo 5 au 6 tu za mbegu.

Adui mkubwa ni mnyauko. Unaletwa na kuvu aitwaye Fusarium anayekaa udongoni. Huingia kwa mizizi, halafu huziba mishipa inayopandisha maji. Mkulima huona ncha za mimea zinalegea, majani yanageuka manjano, kisha mmea unakauka, na kumbe udongo una maji ya kutosha! Ukimwagilia zaidi hausaidii kitu. Kupiga dawa juu ya majani pia ni kazi bure, maana adui yuko chini. Tena huyo kuvu hukaa udongoni miaka mingi akingoja bizari ipandwe tena, na mbegu kutoka shamba gonjwa zinaweza kumbeba hadi shamba jipya.

Mbegu iliyopatikana

Pale Jagudan, wilaya ya Mehsana katika Gujarat, kuna kituo cha utafiti wa viungo vya mbegu. Wataalamu wa kituo hicho walichagua mimea iliyobaki hai pale ambapo mingine ilikufa, wakaipanda na kuichagua tena na tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatoa mbegu iitwayo Gujarat Cumin 4, au GC-4 kwa kifupi, iliyochaguliwa kutoka GC-3. Sifa yake kubwa ni kustahimili mnyauko. Wakulima wengi wa Gujarat na Rajasthan waliipokea.

Faida kwa mkulima

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mama mmoja anatarajia magunia manne. Magunia matatu ni ya kulipa gharama: mbegu, kulima, maji, vibarua na mkopo. Gunia la nne ndilo lake: karo, chakula, dawa ya mtoto. Mnyauko ukichukua robo ya shamba, jirani atamwambia, "Si una tatu bado?" Lakini mama huyo amefanya kazi msimu mzima bure. Ukichukua nusu, anabaki na deni.

Kwa hiyo, ugonjwa huanza kula faida kabla ya kula gharama. Thamani ya mbegu inayostahimili ni kwamba inalinda lile gunia la mwisho.

Faida kwa mnunuzi

Karibu na Jagudan kuna mji wa Unjha, wenye soko linalojulikana kote kwa bizari hii. Mnunuzi wa huko hutazama punje: imejaa? Ni safi? Ina harufu? Mmea ulionyauka kabla ya kukomaa hutoa punje nyembamba, nyepesi, zilizosinyaa. Wanunuzi wa Ulaya pia hupima mabaki ya dawa, na mzigo uliozidi kiwango hurudishwa. Mkulima asiyelazimika kutumia dawa nyingi ana nafasi nzuri zaidi ya kuuza. Mavuno yakiwa haba, kila mtu anaumia: mwaka 2023 bei pale Unjha ilipita rupia 50,000 kwa kilo 100, na mfanyabiashara hakuwa na uhakika wa kupata mzigo.

Tusidanganyike

Mbegu hii si dawa ya kila kitu. Inastahimili mnyauko, lakini ugonjwa wa baka, unaokuja kukiwa na mawingu na unyevu, bado huishambulia. Kustahimili pia si kukingwa kabisa. Shamba likipandwa bizari kila mwaka, kuvu huzidi nguvu. Ndiyo maana mkulima hushauriwa kubadilisha mazao kwa miaka mitatu hivi na kulima kwa kina wakati wa jua kali.

Jambo lingine: GC-4 si chotara, kwa hiyo mtu anaweza kujiwekea mbegu. Lakini maua ya bizari huchanganywa na nyuki na wadudu wengine. Jirani akipanda aina nyingine karibu, mbegu zako zitachanganyika na ile sifa itapungua pole pole. Mara kwa mara ni lazima kununua mbegu zilizothibitishwa.

Na sisi je?

Wenzetu wa Machakos na Makueni wanajua mnyauko wa mbaazi, unaoletwa na kuvu wa ukoo huo huo. Mbaazi zinazostahimili pia zimetolewa na watafiti. Kwa hiyo tukienda dukani tusiulize tu, "Mbegu hii inazaa magunia mangapi?" Tuulize pia, "Inastahimili ugonjwa gani, na ugonjwa gani haiuwezi?" Tutunze pakiti na risiti hadi mavuno, ili mbegu ikiwa bandia tuwe na ushahidi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni ugonjwa gani ulioharibu mazao yetu zaidi msimu uliopita? Ulitoka udongoni, hewani au katika mbegu?
2. Katika zao letu kuu, magunia mangapi ni ya gharama na mangapi ni yetu?
3. Mbegu tunazojiwekea tunazichagua kutoka mimea gani: iliyo na afya shambani, au chochote kilichobaki ghalani?
4. Je, majirani tunaweza kukubaliana kupanda aina moja ili mbegu zetu zisichanganyike?