Ziwa Halisubiri: Somo la Kupanga Utafiti wa Umma

Jina la Kataboi limefika mbali kuliko wakazi wake wengi wanavyodhani. Wanajiolojia walilitumia kuliita tabaka moja la miamba ya magharibi mwa Ziwa Turkana. Katika tabaka hilo, huko Lomekwi, Justus Erus aliona fuvu la kale mwaka 1999. Lina umri wa takriban miaka milioni 3.5, na mwaka 2001 lilitangazwa kwa jina Kenyanthropus platyops. Leo limehifadhiwa Nairobi, katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Fuvu lile lilisubiri lipatikane. Ziwa halisubiri. Kimo cha maji, chumvi yake na samaki wa leo visipopimwa leo, hakuna mtaalamu atakayerudi kuvipima kesho. Kwa hiyo nchi inapopanga vifaa vya utafiti vya umma, yaani maabara, boti, vituo vya kupimia na kumbukumbu, swali la kwanza ni nani atapima mwaka baada ya mwaka. Jengo ni sehemu rahisi. Hata picha yake hupigwa siku ya ufunguzi.

Wakazi wa Kalokol, kusini mwa Kataboi, wana mfano mlangoni mwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Gharama ya kugandisha kwenye joto la Turkana, pamoja na maji safi yaliyohitajika, vilikishinda kiwanda mapema. Kisha Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ikakauka katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Wazee wa pwani hawakushangaa, maana walikwisha kuliona ziwa likirudi nyuma katika miaka ya 1950. Siku hizi shida imegeuka: maji yamepanda na kumeza makazi na miti ya ufuoni. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016. Mpangaji anayetazama miaka mitano tu hawezi kujua mabadiliko yapi ni ya kawaida na yapi ni mageni.

Maji ya chini ya ardhi yana somo lake. Mwezi Septemba 2013 ilitangazwa kwamba setilaiti na rada zimeonyesha hazina kubwa ya maji huko Lotikipi. Matumaini yalikuwa makubwa, na ni nani angewalaumu watu wanaotembea na mitungi? Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba maji yaliyochimbwa huko yana chumvi nyingi. Setilaiti huonyesha mahali pa kuchimba. Ladha ya maji hujulikana kisimani na maabarani.

Fedha ndizo fundo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuelekeza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi kinachotolewa kimekuwa kidogo mno kuliko hicho. Kwa upande wa kaunti, mpango wa maendeleo (CIDP) huandikwa kila baada ya miaka mitano, na wananchi huitwa kutoa maoni.

Hapo ndipo mvuvi wa Kataboi ana la kusema. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ina kituo Kalokol. Mwananchi anaweza kuuliza mafuta ya boti ya kupimia yamepangiwa fedha hadi mwaka wa ngapi, nani husoma kimo cha maji mtaalamu akiwa likizoni, na kama kijana wa ufuoni anaweza kufunzwa kazi hiyo na kulipwa. Aulize pia nakala ya vipimo itakaa wapi Lodwar, ambako sasa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, ili mwanafunzi wa huko asilazimike kusafiri hadi Nairobi kusoma habari za ziwa lake.