Bima ya Afya ya SHA kwa Wazee: Mzazi Wako Amesajiliwa?

Kuna jambo ambalo wakaazi wengi wa Nairobi hulijua wakiwa tayari wamesimama kwenye dirisha la malipo hospitalini. Kijana anafanya kazi mjini na kila mwezi mshahara wake unakatwa pesa za SHA. Mama yake, mwenye miaka 68, anaishi Kawangware. Mama anaugua, anapelekwa hospitali, analazwa. Kijana anatoa hati yake ya mshahara kuonyesha kwamba hulipa bila kukosa. Karani anaangalia kwenye kompyuta na kumwambia kwamba mama hayumo.

Karani hajakosea. Mchango wa mwajiriwa humlinda yeye mwenyewe, mume au mke wake, na watoto wake. Wazazi hawamo katika hesabu hiyo. Kwa sheria, mama ni kaya nyingine, na ni lazima asajiliwe kwa kitambulisho chake na mchango wake ulipwe kando. Ukisoma makala haya ukashika jambo hili peke yake, umeshapata kilicho muhimu zaidi.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliondoa NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, na kuweka Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA. Huduma zilianza chini ya mpango mpya tarehe 1 Oktoba 2024. Kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi, hata kama mzee ameitunza vizuri kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho. Bima hii ni ya Serikali ya Kitaifa na pesa zake hazipiti katika ofisi za Kaunti. Lakini milango ambayo wengi wetu huingilia kutafuta matibabu ni ya Kaunti: vituo vya afya vya Kangemi, Riruta, Waithaka na Westlands, na hospitali kama Mutuini na Mbagathi.

Watu huuliza kama kuna bima ya wazee peke yao. Hakuna. Katiba inamtambua mtu kuwa mzee anapofika miaka 60, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Mpango wa Inua Jamii nao huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Miaka hiyo miwili, 60 na 70, huwachanganya watu, wakadhani kwamba mzee akifika umri fulani anaingia SHA moja kwa moja bila kulipa. Si hivyo. Umri peke yake haumwondolei mtu mchango.

Pesa za SHA ziko katika mifuko mitatu, na kwa mzee tofauti yake ni kubwa. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi: huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hapa mzee anahitaji kuwa amesajiliwa tu. Hata kama hajalipa shilingi, anahudumiwa. Mzee wa presha au kisukari anayehitaji kupimwa mara kwa mara aanzie hapa, karibu na nyumbani, badala ya kupanda matatu hadi hospitali kubwa. Mfuko wa pili, SHIF, ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, usafishaji wa figo na huduma nyingine za hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6, na huu unataka mchango uwe umelipwa. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Kwa magonjwa sugu, huingia pale ambapo kiwango cha SHIF kimekwisha. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba SHA ni bure, na mwingine akakuambia kwamba lazima ulipe, huenda wote wanasema kweli, kila mmoja akizungumzia mlango wake.

Sasa tuje kwenye usajili. Unaweza kupiga *147# kwa simu yoyote, hata ile ndogo ya vibonyezo, au kutumia tovuti ya Afya Yangu. Asiyetaka mambo ya simu aende katika Kituo cha Huduma: mjini kuna cha GPO kwenye Kenyatta Avenue, na anayetoka Kawangware kwa namba 46 hakimpi shida kufika. Vituo vya afya na hospitali pia husajili, na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kumsajili mzee asiyeweza kutoka kitandani. Muulize balozi au mzee wa mtaa ni nani anayehudumia upande wenu.

Kusajiliwa hakulipiwi. Saiba inaweza kukutoza pesa za kutumia kompyuta yake, hilo ni sawa, lakini mtu anayekuomba "ada ya SHA ya usajili" anakuibia. Wala asipewe mtu yeyote namba ya siri ya simu ya mzee, hata akiwa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

Tumia namba ya simu ya mzee mwenyewe. Mara nyingi mjukuu husaidia kusajili na kuweka namba yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Baadaye mjukuu anaenda chuoni au anabadilisha laini, na ujumbe wa SHA unaenda kusikojulikana. Kama mzee hana simu, weka namba ya mtu atakayekuwa karibu naye miaka yote.

Alama za vidole nazo zina mambo yake. Mikono iliyofua nguo za watu na kushika jembe kwa miaka mingi huwa imelainika, na mashine inaweza kushindwa kusoma. Usikubali kurudishwa nyumbani baada ya kujaribu kidole kimoja. Omba vijaribiwe vidole vyote, mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Ni afadhali tatizo hili ligunduliwe siku mzee akiwa mzima kuliko usiku wa manane kwenye mapokezi ya dharura.

Baada ya kusajiliwa hufuata tathmini ya uwezo wa kaya. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi, maji anayotumia, choo, taa, kuni au gesi ya kupikia, idadi ya watu na mali waliyo nayo. Majibu hayo ndiyo hutumika kukadiria mapato, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato hayo. Kaya inayokadiriwa kupata shilingi 20,000 kwa mwezi hulipa 550 kwa mwezi, ambayo ni 6,600 kwa mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima.

Jibuni maswali haya pole pole, na kwa ukweli. Mahali ambapo hesabu hupotoka ni pale mzee anapoishi katika nyumba ya mawe ya mwanawe kule Uthiru au Dagoretti, yenye umeme na maji ya mfereji, naye hana hata mia yake. Mashine inaiona nyumba. Haijui ni ya nani. Kama kiwango kilichotoka hakifanani na hali ya mzee, nendeni kwa afisa wa SHA mkaeleze kabla ya kukata tamaa. Makao makuu yako katika Jengo la SHA, Ragati Road, Upper Hill.

Mzee na mkewe, au bibi na mumewe, wanahesabiwa kaya moja. Mmoja huwa mchangiaji na mwenzake huongezwa kama mwenzi, hivyo msilipe mara mbili. Mchangiaji akifariki, aliyebaki ajisajili kuwa mchangiaji mwenyewe. Hili husahaulika katika shughuli za matanga. Mstaafu pia akumbuke kwamba makato ya mshahara husimama siku kazi inapokwisha, na kuanzia hapo anafanya tathmini kama watu wengine.

Na mzee asiye na chochote? Sheria inasema kwamba Serikali itawalipia wasiojiweza, na mwaka 2025 Serikali ya Kitaifa ilianza kuwalipia baadhi ya kaya hizo. Lakini anayelipiwa ni lazima ajulikane. Asajiliwe, afanyiwe tathmini, kisha jina lake lifikishwe kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii. Mzee ambaye hajasajiliwa hayumo katika orodha yoyote, hata kama kijiji kizima cha Gatina kinajua shida zake.

Kwa familia zenye watoto wengi, ushauri wetu ni changieni. Shilingi 3,600 ikigawanywa kwa ndugu wanne ni 900 kwa kila mmoja, mara moja kwa mwaka. Chagueni mmoja awe wa kulipa na kuandika tarehe ambayo malipo yanaisha, maana likiwa jukumu la wote huwa si la mtu.

Mkimaliza kulipa, pigeni *147# tena muone kama malipo yameonekana. Kama hayajaonekana, msiufute ujumbe wa M-Pesa; nendeni nao kwa SHA au Kituo cha Huduma pamoja na kitambulisho cha mzee.