Hekalu Linahitaji Kutunzwa
Somo: 1 Wakorintho 6:19-20

Nilipofika miaka 52 sketi zilianza kunibana, na kilima kidogo tu kilinifanya nihema. Nikawa nakemea. Kupimwa, presha ni 170 kwa 100. Ikifika 140 kwa 90 tayari ni ya juu. Niliombewa, nikaacha dawa kimyakimya, nikaanguka jikoni. Mungu hakuniacha; mimi ndiye niliacha dawa.

Siku hizi naomba na dawa nameza. Chumvi yangu ya siku nzima haipiti kijiko kimoja cha chai, na kwa mrenda nimepunguza magadi. Hapa Matisi siiti boda ovyo. Natembea nusu saa, siku tano kwa wiki.

Mpendwa, wewe ulipimwa lini? Amina.