Urefu wa Mikono ya Kunyunyizia: Pima kwa Futi Kabla ya Kuchanganya Dawa

Mkulima unayekodi trekta ya kunyunyizia viuatilifu katika shamba pana, kama yale ya ngano ya Hanang na Kilimanjaro Magharibi, huenda ukaonyeshwa kioo chenye tarakimu za urefu wa mikono ya mashine. Tunakushauri usiridhike na tarakimu hizo mpaka zihakikiwe kwa futi ya kupimia.

Kwa nini urefu ni muhimu

Nozeli za pembe ya nyuzi 110, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 50, kwa kawaida hufanya kazi vyema zikiwa sentimita 50 hivi juu ya majani yanayokusudiwa. Zikishuka hadi sentimita 15, kila moja hufunika upana wa sentimita 43 tu, na mistari ya magugu hubaki bila dawa. Zikipanda mno, upepo hupeleka matone kwenye maharage, mizinga au kisima cha jirani.

Mashine ya mita 24 ina mkono wa mita 12 kila upande. Ikiinama nyuzi 3 tu, ncha moja hupanda kwa zaidi ya sentimita 60, na ya pili hugusa ardhi. Vihisi vya urefu viliwekwa ili kuzuia hali hiyo.

Kihisi hupima nini

Vihisi vingi hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, kisha hupima muda wa mwangwi kurejea. Umbali unaopatikana huanzia kwenye uso wa kihisi, wala si kwenye mdomo wa nozeli. Ikiwa kihisi kimefungwa sentimita 15 juu ya nozeli, na kompyuta haikupewa tofauti hiyo, kioo kitaonyesha 50 ilhali dawa inatoka kwenye sentimita 35. Kasoro hii yaweza kutokea kihisi kinapobadilishwa au kugongwa.

Utaratibu wa uhakiki

Mwombe mwendeshaji afanye yafuatayo, nawe ukiwepo:

1. Aegeshe mashine mahali tambarare penye udongo mtupu, matairi yakiwa na upepo sawa na mikono ikiwa imekunjuliwa.
2. Asafishe uso wa kila kihisi, kwa kuwa matope na mabaki ya dawa huvuruga mwangwi.
3. Aweke mikono kwenye urefu wa sentimita 50, kisha azime injini. Mtu yeyote asisimame chini ya mkono.
4. Apime kutoka ncha ya nozeli iliyo karibu na kila kihisi hadi ardhini, na kulinganisha na kioo.
5. Arudie kwa sentimita 80. Tofauti ikiwa ileile katika vimo vyote viwili, airekebishe kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji, kisha apime upya. Ikibadilikabadilika, kihisi kikaguliwe na fundi.

Ngano ikiwa changa, mwangwi waweza kutoka ardhini badala ya kwenye majani. Kwa hiyo, pimeni tena shambani, maji matupu yakiwa tangini.

Andika tarehe na vipimo vya kila kihisi, nyote wawili mtie saini. Kazi hii haihitaji chombo zaidi ya futi. Mwendeshaji asiyekubali kupima, tunashauri usimkabidhi dawa yako.