Kumfundisha Farasi na Punda Kujisawazisha

Farasi ni wachache Unguja, na punda ni wengi. Lakini katika habari ya kujisawazisha wanyama hawa wawili ni ndugu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu vyombo vya kumfundishia mnyama kijana, kwa kuwa vyombo hivyo vikitumiwa vibaya humlemaza, na mwenyewe hupoteza mali yake.

Elimu ya kupanda si ngeni kisiwani. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya Malindi, ameeleza katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1886 jinsi wana wa Seyyid Said walivyofundishwa kupanda tangu udogo, na jinsi punda weupe wa Maskati walivyothaminiwa. Lakini kumfundisha mtoto kupanda ni jambo moja; kumfundisha mnyama kuchukua mtu ni jambo jingine.

Sharti tujue kwanza maumbile yake. Farasi asimamapo bila mzigo, kama sehemu 6 katika 10 za uzito wake huwa juu ya miguu ya mbele, kwa sababu ya shingo na kichwa. Akipandwa, mbele huzidi kulemewa. Asiyefundishwa hujikwaa, huegemea lijamu kana kwamba ni mguu wa tano, na penye kona hulala upande kama jahazi lililopakiwa vibaya. Kufundishwa ni kujua kuingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo ili nayo ichukue mzigo. Hiyo ni kazi ya misuli, na misuli haifanyizwi kwa siku moja.

Chombo tukipendacho kuliko vyote ni kamba ndefu ya futi 25 hivi, iliyofungwa katika hatamu ya puani isiyo na lijamu. Mwalimu husimama katikati, na mnyama humzunguka bila mzigo. Mzunguko uwe mpana, maana mdogo huumiza viungo. Tena azungushwe kushoto na kulia sawasawa, kwani kila mnyama ana upande wake mwepesi, kama sisi tulivyo na mkono wa kuume. Dakika 10 zamtosha aanzaye. (Kamba ya makumbi huchuna mikono, ya pamba ni bora.)

Cha pili ni miti iliyolazwa chini. Boriti za mikoko, zile zilizoshushwa Malindi na majahazi miaka mingi kwa dari za nyumba za mawe, zafaa sana. Anza na moja, kisha tatu au nne, nazo zichimbiwe kidogo zisibingirike. Kwa farasi atembeaye, nafasi ni futi 2 na nusu hivi. Hatua ya punda ni fupi; mtembeze mchangani maji yakiisha kupwa, ukapime nyayo zake. Mnyama apitapo huinamisha kichwa, hunyosha mgongo na kuinua miguu kwa hiari yake, pasipo mtu kumvuta. Akigonga miti kila mara, usimpige; pima tena nafasi.

Cha tatu ni vigwe vya ubavuni, vitokavyo katika lijamu hadi mkanda wa tumbo, na hapo ndipo wengi hukosea. Vikikazwa, shingo hukunjika, pua ikaelekea kifuani, na mtazamaji husifu. Kumbe miguu ya nyuma ingali mbali, mgongo umekakamaa, na mdomo wauma. Mnyama hutumia shingo yake kama mtu avukaye mto juu ya gogo atumiavyo mikono. Mfunge mikono, ataanguka. Xenophon, Myunani aliyeandika habari za farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kukataza kumlazimisha mnyama kwa nguvu. Twaona mwanafunzi aviache vigwe hivi kabisa, na fundi avifunge kwa ulegevu, kwa dakika chache tu.

Kwa punda wa gari liko jambo moja zaidi, nalo si la punda bali la mpakiaji. Gari la magurudumu mawili likilemea nyuma, miti yake ya mbele hupanda na mkanda wa tumbo humkaba punda. Likilemea mbele, mgongo wake huchubuka. Masheha na walimu waweza kulipima wakati wowote: gari likiisha kupakiwa, kabla punda hajafungwa, mtu mmoja aishike miti hiyo na kuiinua. Ikipanda yenyewe, au ikimshinda kuinua, mzigo usogezwe.